Jinsi Buheri Ilivyopona Yote

Ipo nchi iitwayo Jamhuri ya Buheri. Usijisumbue kuitafuta kwenye ramani, maana waliochora ramani walikuwa na haraka, na wenyeji wake hawapendi kuchunguliwa. Ni nchi ya amani. Viongozi wake hunenepa vizuri, na wananchi wake wana subira ambayo haijafika mwisho ingawa imejaribiwa sana.

Kabla nchi hiyo haijapona, wagonjwa wake walilipia matibabu dirishani. Dirisha lenyewe lilitobolewa chini ya usawa wa kifua, ili kila mgonjwa ainame kwa adabu anapotoa fedha. Aliyelipa alipata risiti, na mwenye risiti alipata daktari. Asiyekuwa na kitu alipata benchi. Benchi la Hospitali ya Wilaya ya Kigongo lilikuwa la mninga, refu na imara, na wengi walifia juu yake bila hata mmoja kulalamika kwamba linayumba.

Daktari wa hospitali hiyo aliitwa Shomvi Kilindo, mpasuaji mwenye mkono mwepesi na roho nzuri. Kwa miaka kumi na tisa alipita mbele ya benchi lile kila asubuhi akiwa ametazama juu, kama mtu anayekagua paa. Siku mama mmoja mjamzito alipofia pale huku mumewe akihangaika mjini kuuza baiskeli, Dakta Shomvi alirudi nyumbani, akaketi mezani, akaandika maoni yake kuhusu namna bora ya kulipia afya za watu. Yalitosha kurasa mbili.

Ukurasa wa kwanza ulisema kwamba hospitali isilipwe kwa wagonjwa inaowatibu, bali Serikali iilipe kwa watu wazima wa afya waliomo wilayani. Hapo hospitali yenyewe itaona hasara mtu akiugua, na itahangaika maji yawe safi na watoto wachanjwe. Ukurasa wa pili ulisema kwamba yeyote atakayeugua, kwa kuwa kuugua ni jambo la binadamu, atibiwe papo hapo bila kudaiwa kitu wala kuulizwa ametoka wapi.

Alimsomea dada yake, Bi. Mwantumu, mpika vitumbua, ambaye ndiye aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki. Bi. Mwantumu alisikiliza hadi mwisho bila kuacha kukoroga unga.

"Mdogo wangu, huo wa pili ndio wenye maana," alisema. "Ungeanza nao."

"Hoja ina mpangilio wake, dada."

"Haya. Wewe ndiye msomi."

*

Bahati nzuri, Serikali ilikuwa imeunda Tume ya Kupokea, Kuchambua na Kuhifadhi Maoni Kuhusu Malipo ya Afya. Makamishna wake kumi na wanne walikuwa wameizunguka nchi mwaka mzima wakisikiliza wananchi, na kila wilaya waliyopita ng'ombe walipungua.

Mwenyekiti wa Tume alikuwa Profesa Evarist Pembe, msomi mwenye shahada nyingi na shingo fupi, na alikuwa mtu wa kanuni. Kanuni namba saba ya Tume ilisema kwamba chakula kinapotangazwa kuwa tayari, maoni yanayosomwa yatahesabiwa kuwa yamefika mwisho, popote yalipofika. Usidhani ni ulafi. Kanuni ilitungwa baada ya kamishna mmoja kuzirai mkoani akisikiliza maoni ya chama cha walimu wastaafu, na tangu hapo Tume iliweka uhai wa makamishna mbele.

Dakta Shomvi alipangiwa kuwa msemaji wa kumi na tisa. Wa kumi na nane alitumia muda wake wote kutambua uwepo wa waheshimiwa mmoja mmoja, akakosea cheo cha mmoja wao, ikabidi aanze upya. Daktari aliposimama, tayari harufu ya pilau ilikuwa imeingia hemani. Akasema itifaki imezingatiwa, akasoma ukurasa wa kwanza kwa sauti nzuri. Makamishna waliokuwa wamesinzia wakainua vichwa. Alikuwa ndiyo kwanza analamba kidole ili afunue ukurasa wa pili, mpishi akachungulia na kumwonyesha Katibu mfuniko wa sufuria.

"Tunakushukuru sana, Daktari," alisema Profesa Pembe akikunja miwani yake. "Maoni yamepokelewa."

"Mheshimiwa Mwenyekiti, bado ukurasa mmoja."

"Yamejitosheleza, mwanangu. Gunia likijazwa mno hupasuka. Nawa mikono."

Akanawa mikono.

*

Taarifa ya Tume ilikuwa na kurasa mia nane, na kati ya hizo ni moja tu iliyopendekeza kitu, nayo ilikuwa ya Dakta Shomvi. Bunge la Buheri liliipitisha kuwa Sheria ya Uzima kwa alasiri moja, kwa makofi na vigelegele. Profesa Pembe akateuliwa kuwa Waziri wa Uzima. Dakta Shomvi akateuliwa kuwa Mthibitishaji Mkuu wa Uzima Wilaya ya Kigongo, akapewa gari lenye pazia.

Alimfuata Waziri kumkumbusha kuhusu ukurasa wa pili.

"Huo tutauleta awamu ya pili," alisema Waziri.

"Na awamu ya pili ni lini, Mheshimiwa?"

"Ya kwanza ikikamilika."

Daktari akaliona jibu hilo lina mantiki. Tena kiti cha gari kilikuwa laini, na akajiambia kwamba aliye ndani ya gari hulielekeza vizuri kuliko anayelikimbilia kwa nyuma. Hilo lingekuwa kweli kama angekuwa dereva.

Ikaja Siku ya Uzima. Wananchi wote wa Kigongo walipangwa uwanjani ili wathibitishwe. Walioweza kusimama waliandikwa kuwa wazima. Wasioweza kusimama waliandikwa kuwa wazima waliokaa, na waliobebwa kwenye vitanda vya kamba wakaandikwa kuwa wazima waliojipumzisha. Kila mmoja alipewa Kadi ya Uzima yenye picha ya Waziri upande mmoja na sahihi ya Dakta Shomvi upande wa pili. Alisaini kadi elfu kwa mkono hadi kidole kikavimba, na zilizobaki zikapigwa muhuri wa sahihi yake. Kidole chenyewe hakikuandikwa popote.

Kuanzia hapo uponaji ulikwenda kwa kasi. Wadi zilifungwa, kwa kuwa mahali penye vitanda panawashawishi watu kulala. Benchi lile la mninga lilipelekwa kwa Waziri likawa meza ya bustanini. Chumba cha upasuaji kikageuzwa ghala la fulana za Siku ya Uzima, na kabati la visu likafungwa kwa lakiri ya Wizara. Homa ikaitwa joto la msimu. Kifafa kikaitwa hamasa. Mtoto aliyeharisha hadi macho yakazama alihesabiwa kuwa amepungua uzito, jambo ambalo madaktari wa dunia nzima wanalishauri.

Hata hivyo Serikali ya Buheri si katili, iliacha mlango. Raia aliyehisi kwamba lazima augue aliruhusiwa kujaza Fomu ya Kuomba Kuugua, aambatishe barua ya mjumbe wa nyumba kumi, picha mbili za pasipoti, na wadhamini wawili ambao hawajapata kuugua tangu wazaliwe. Kisha angoje Alhamisi ya mwisho wa mwezi, afike mwenyewe mbele ya Kamati ya Kuthibitisha Ugonjwa, ghorofa ya tatu, akiwa na nguvu za kujibu maswali.

Mwenyekiti wa Kamati alikuwa Dakta Shomvi. Katika miezi minane maombi arobaini na moja yalifika mezani kwake. Waombaji watatu walipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, wakakataliwa, kwani mgonjwa hawezi kupanda ngazi zile. Thelathini na wanane hawakutokea, na kwenye kila faili aliandika neno moja: Hakufika. Mara ya kwanza aliiweka kalamu chini mara mbili kabla ya kuandika. Mara ya kumi aliandika huku akiomba chai.

*

Mwezi wa tisa Kigongo ikatimiza asilimia mia moja ya uzima, wilaya ya kwanza nchini. Waziri akatangaza kwamba Jumanne angefika kukabidhi ngao, akifuatana na wageni kutoka nchi tatu za jirani waliokuja kujifunza. Bi. Mwantumu alipewa oda ya vitumbua mia tatu vya wageni hao.

Jumatatu asubuhi, akiwa kwenye kikaango cha pili, Bi. Mwantumu alishika tumbo na kukaa chini. Alidhani ni njaa, akala kitumbua, akakitapika. Saa nne binti yake, Saumu, alimpakia kwenye mkokoteni wa jirani akamfikisha hospitali. Mlinzi akawazuia getini.

"Mama anaumwa," alisema Saumu.

"Hapa ni hospitali, dada. Wagonjwa hawaingii."

Dakta Shomvi aliitwa, akawapitisha kwa mlango wa nyuma. Alimlaza dada yake juu ya meza ya karani, akaweka vidole upande wa kulia wa tumbo, chini, akabonyeza taratibu kisha akaachia ghafla. Bi. Mwantumu, mwanamke aliyezoea kugeuza vitumbua kwa vidole, alikunja uso na kumng'ang'ania mkono.

"Kidole tumbo," alisema daktari. "Ni kazi ya dakika arobaini tu, dada."

"Basi ifanye. Nina oda ya watu."

Alishakifanya kitu hicho mara mia nne na zaidi. Alikwenda mbio hadi chumba cha upasuaji, akakuta fulana zimepangwa hadi darini, na meza ya kupasulia iko chini yake. Nesi Salvina, aliyefanya naye kazi miaka yote ile na sasa alikuwa mtunza ghala, alimtazama usoni akaelewa.

"Fulana nazitupa dirishani sasa hivi," alisema Salvina. "Lakiri ni nta tu, Dakta. Wewe ikate, mimi nachemsha vifaa."

Daktari alikuwa ameshaweka kidole gumba juu ya lakiri. Ilikuwa nyekundu, ina nembo ya Jamhuri, na ukucha wa mtoto ungeibandua. Lakini miezi minane ni mingi. Mkono uliozoea kuomba ruhusa uliteremka wenyewe hadi mfukoni, ukatoa simu, ukampigia Waziri.

"Daktari, Kigongo haina mgonjwa," alisema Waziri baada ya kusikiliza kwa upole. "Takwimu nimeshazipeleka kwa Mtukufu Rais. Kadi ya huyo mama nani alisaini?"

"Mimi, Mheshimiwa."

"Sasa unabishana na nani? Ukimpasua utakuwa umempasua mtu mzima wa afya kwa kisu, na hilo ni kosa la jinai. Dada yako ni dada yangu. Jazeni fomu. Kesho sherehe ikimalizika vizuri, Kamati ikae kikao cha dharura palepale. Nakuahidi mimi mwenyewe."

Daktari akajiambia kwamba kesho si mbali. Yapo matumbo yanayosubiri hadi kesho. Alijua, kwa vidole vyake hivyohivyo, kwamba hili halikuwa mojawapo. Akamwambia Salvina wafuate utaratibu, ila waufuate haraka. Salvina aliokota fulana moja iliyoanguka, akaikunja, akairudisha juu ya rundo.

*

Saumu alikimbia kwa mjumbe, Mzee Kandoro, akamkuta ananyoa ndevu.

"Ameanza kuumwa bila kunijulisha?" aliuliza mzee, akasikitika sana. "Mimi nina nyumba kumi tu, na bado watu wanafanya mambo kwa siri."

Hata hivyo alikuwa mtu mwema, akaandika: "Namtambulisha kwenu Bi. Mwantumu Kilindo, mkazi wangu, mwenye tabia njema na asiyejihusisha na magonjwa, ambaye sasa anaomba kuugua. Apewe ushirikiano." Akagonga muhuri mara mbili, kwa kuwa alimpenda.

Bi. Mwantumu alirudishwa nyumbani kwa mkokoteni uleule, na mpiga picha akamfuata huko na kitambaa cha bluu. Alirudia mara tano, kwa sababu mama alikuwa anakunja uso na picha za namna hiyo hukataliwa. Mara ya sita Bi. Mwantumu alimwomba Saumu amshike mabega, akatazama mbele, akatulia. Ni picha nzuri hadi leo. Wadhamini walipatikana alasiri, mafundi seremala wawili mtu na mdogo wake, ambao walikula kiapo kwamba hawajapata kuugua, mmoja wao akiwa ameziba mdomo asikohoe.

Jumanne asubuhi Dakta Shomvi alipompitia dada yake, alimkuta ameegemea ukuta, anatabasamu kidogo.

"Maumivu yameacha," alisema. "Yamekatika yenyewe alfajiri, kama mtu aliyezima taa."

Majirani wakamshukuru Mungu. Mzee Kandoro akasema ile barua yake imefanya kazi. Daktari peke yake hakushukuru, kwa kuwa mpasuaji anajua maana ya kidole tumbo kinachoacha kuuma ghafla. Kimepasuka. Aliushika mkono wa dada yake, ukawa wa baridi, na mapigo yanakwenda mbio hayahesabiki.

Habari za nafuu zilimfikia Waziri akiwa njiani. Alifurahi hata akaagiza mama huyo aletwe uwanjani akae mstari wa mbele, kwa kuwa asilimia mia moja haiwezi kuwa na kiti kitupu.

*

Basi wakamleta. Walimvika fulana mpya juu ya gauni lake, wakamketisha kwenye kiti cha plastiki, na Saumu akapiga magoti pembeni akimzuia asiteleze. Mbele yake jukwaani walikaa wageni wa nchi tatu wakila vitumbua alivyovipika yeye kabla ya kuanguka, na vingine vilivyomaliziwa na jirani yake. Mgeni mmoja alisema havifanani.

Waziri alihutubia saa moja na nusu. Alisema mataifa makubwa yamejenga hospitali hadi yamechoka na bado watu wao wanaugua, kumbe dawa ilikuwa ndogo tu, ni kuacha kuugua. Kisha akamwita mwenye maoni, mwana wa Kigongo, aje ayasome kwa kinywa chake.

Dakta Shomvi alipanda jukwaani na karatasi mbili mkononi, zilezile, zimechakaa kwenye mikunjo. Kipaza sauti kilikuwa kinafanya kazi. Wageni walikuwa wametoa kalamu. Dada yake alikuwa hatua kumi mbele yake, midomo imekuwa ya kijivu, amemkazia macho. Angeweza kuanza na ukurasa wa pili. Hakuna mpishi aliyekuwa karibu wala kanuni ya kumzuia. Waziri aliinama kidogo akamnong'oneza, "Vizuri tu, Daktari, tumalize salama, Kamati iko tayari." Na yule bwana, aliyepasua matumbo mia nne bila kutetemeka, akawaza kwamba akiwaudhi sasa Kamati haitakaa.

Akasema itifaki imezingatiwa. Akasoma ukurasa wa kwanza.

Makofi yalikuwa makubwa sana. Bi. Mwantumu alimsikiliza hadi mwisho, kama alivyomsikiliza siku ile ya unga, kisha akageuza uso akauweka begani kwa mwanawe. Ngoma ikaanza. Ilipomalizika Saumu alikuwa bado amemshika, hajathubutu kusogea. Mgeni wa nchi ya pili, alipokuwa anapita kuaga, alimsifu mama yule kwa utulivu wake, akasema kwao watu wazima hawana nidhamu ya namna hiyo.

Ahadi ya Waziri ilitimizwa. Kamati ilikaa kikao cha dharura dakika ishirini baadaye, akidi ikatimia, fomu ikakutwa haina dosari. Katibu akaita jina la mwombaji mara tatu mlangoni. Mwenyekiti wa Kamati akachukua kalamu akaandika: Hakufika.

Kulikuwa na tatizo moja dogo la kibali cha mazishi, kwa sababu kina nafasi ya kuandika chanzo cha kifo, na kwa mujibu wa Sheria chanzo hakiwezi kuwa ugonjwa katika wilaya isiyo na ugonjwa. Karani alisita. Waziri akashauri iandikwe kwamba marehemu alikuwa mzima hadi dakika ya mwisho na baada yake. Tena akagundua, pale pale, kwamba marehemu haugui, hivyo hakuna haja ya kumwondoa kwenye orodha, na kwamba wilaya yenye wafu wengi ndiyo yenye uzima wa uhakika zaidi. Akamwomba Dakta Shomvi aandae maoni kuhusu jambo hilo, ukurasa mmoja tu unatosha. Daktari alisaini kibali. Bila sahihi yake maiti isingetoka.

*

Bi. Mwantumu alizikwa Jumatano kabla ya adhuhuri. Watu walijaa, maana nusu ya wilaya ilikuwa imekua kwa vitumbua vyake. Wanaume walikaa kwenye mikeka barazani, na Dakta Shomvi akawekwa katikati, kama ndugu wa karibu, na Waziri aliyekuja kutoa pole akawekwa kuliani kwake. Kila mtu alikuwa na kadi yake mfukoni. Mwanamume mmoja alikuwa anakohoa ndani ya kofia yake.

Kama ilivyo desturi ya msiba popote, mzee mmoja aliyetoka mbali, asiyejua mambo ya Kigongo, alisogea akauliza kwa heshima, "Pole sana, Daktari. Marehemu alikuwa anasumbuliwa na nini?"

Waziri akatazama viatu vyake, akangoja. Saumu alikuwa amesimama mlangoni na kanga ya mama yake kichwani, ametoka kuchukua maji. Hakuingia ndani. Alitaka asikie jibu, na daktari aliona kwamba anataka asikie.

"Hakuwa anaumwa," alisema Dakta Shomvi. "Alikuwa mzima."

Mzee yule akatikisa kichwa taratibu. Saumu akaweka ndoo chini. Akamsogelea mjomba wake, akapiga goti kama alivyofunzwa na mama yake, akamshika mkono kwa mikono yake miwili na kumtazama usoni. Hakulia wala hakupandisha sauti.

"Basi Mungu akujalie na wewe uzima kama huo, mjomba," alisema.

Na watu wote waliokaa barazani, mmoja baada ya mwingine, wakaitikia, "Amina."